Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, mwenyekiti na wanachama wa halmashauri ya shule, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Kwanza, mgeni wetu, tunaomba radhi kwa kiondo kilichofunikwa kwa leso hapo mezani mbele yako. Si zawadi. Zawadi anayo Mwalimu Mkuu na itakuja kwa wakati wake. Kiondo tutakifikia mwishoni, na tunakusihi usichungulie.

Chama chetu kina wanafunzi wa Gredi ya 6 hadi ya 9. Miongoni mwetu wamo wenzetu wasioona na wengine wanaoona kwa shida, na wao ndio chanzo cha risala hii. Mwaka juzi tulitembelea jumba moja la maonyesho. Karibu kila kitu kilikuwa nyuma ya kioo. Mwenzetu mmoja asiyeona alitembea kati yetu tukimsomea vibao: hapa kuna fuvu, hapa kuna jiwe. Alipofika kwenye kitu kimoja kilichokuwa wazi akanyoosha mkono, na papo hapo mlinzi akapaza sauti, "Hapana gusa!" Tukiwa ndani ya basi akatuuliza, "Kwani nyinyi mmejifunza nini?" Tukasema tumeona fuvu. "Lilikuwa zito?" Kimya. "Meno yake yamekaaje?" Kimya zaidi.

Wiki iliyofuata mwalimu wetu mlezi alikwenda soko la Burma, akaombea kichwa cha mbuzi kilichokwisha kunyofolewa nyama. Tulikichemsha nyuma ya jikoni la shule kwa sabuni ya unga, na harufu yake bado haijasahaulika na majirani. Lakini kilipokauka, kila mmoja wetu alipitisha kidole mbele ya taya la juu, akashtuka: hakuna meno! Mbuzi hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu, na meno ya chini hubana majani dhidi yake kama kisu kwenye ubao. Magego ya nyuma nayo yana matuta makali, unayasikia kidoleni kama tupa. Wengi wetu tumekunywa supu ya kichwa tangu utotoni na hatukuwahi kulijua hilo.

Tangu hapo tukawa wakusanyaji. Tuna jiwe la kusugulia visigino, lile jepesi linaloelea kwenye ndoo, na pembeni yake tumeweka obsidiani kutoka upande wa Naivasha, laini kama chupa na yenye makali ya kukata. Yote mawili ni mazao ya volkano. La kwanza lilijaa mapovu ya gesi likagandia humo humo, la pili likapoa upesi mno hata fuwele hazikuwahi kujijenga. Ukilishika moja kila mkono, huhitaji kukariri tofauti. Na ukipapasa ule ukingo wa obsidiani utaelewa kwa nini watu wa kale wa Olorgesailie, kule barabara ya Magadi, walikubali kuifuata mbali ili wachonge zana.

Ila kilichotushika zaidi ni udongo. Tulileta mwekundu wa shamba la babu ya mwenzetu huko Kikuyu, mweusi wa Embakasi, na mchanga wa Machakos uliomwagwa na lori. Tukalowesha kila aina, tukaviringa uzi mnene kama penseli, kisha tukajaribu kuukunja uwe pete. Mchanga haukukubali hata kuwa uzi. Mwekundu ulikubali, ukapasuka kwenye kukunjwa. Mweusi ulizunguka ukawa pete kamili, ukang'ang'ania mikono yetu hadi kwenye mfereji. Tuliiacha pete dirishani wikendi nzima. Jumatatu tuliikuta imesinyaa na kujaa nyufa. Mzazi mmoja ambaye ni fundi wa ujenzi aliishika akacheka: ndiyo sababu wao huuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi, kwa maana mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hunywea, na ukuta ukifuata huko umepasuka. Somo hilo tulilipata mikononi kabla ya kulifikia kitabuni.

Pua tunaifunza kwa majani yaliyofikichwa: mkaratusi, mrehani, mwarobaini. Masikio hatukuhitaji kuyafunza, mama mboga alishatutangulia kila anapogonga tikiti maji.

Mlezi wetu alitusomea pia habari za Geerat Vermeij, mzaliwa wa Uholanzi aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 3. Familia yake ilihamia Marekani, na huko mwalimu wake wa shule ya msingi alileta makombe ya baharini kutoka Florida akayapanga dirishani mwa darasa. Mtoto akayapapasa, na hakuacha tena. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Yale, akawa profesa California, na kwa vidole vyake amesoma kwenye makombe ya kale makovu ya kaa waliojaribu kuyavunja.

Wazazi wasiwe na hofu, hatugusi ovyo. Mnyaa wa kwenye ua hatuukati, utomvu wake ukiingia machoni ni balaa. Mdudu aitwaye nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli si nzi bali ni jamii ya mbawakawa, tunampuliza tu, kwani haumi, ila ukimponda sumu yake huunguza ngozi. Hatuonji tusichokijua. Na pembe, meno au manyoya ya wanyamapori hayamo kwenye mkusanyo wetu, kwa sababu Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kuyamiliki bila kibali. Manyoya yetu ni ya kuku.

Mgeni wetu, tuna shida tatu. Tunaomba rafu yenye milango, maana panya wameshakula mbegu zetu mara mbili. Tunaomba karatasi nzito za breli za kuandikia vibandiko, kwa kuwa hizi tulizo nazo tunazipima kama dhahabu. Na kwa kuwa wewe unafahamika na wengi, tunaomba utusemee kwa wenye makumbusho watutengee meza moja tu ya kugusa. Hata vitu vilivyovunjika tutavipokea.

Sasa ile leso. Tunakuomba ufumbe macho, utie mkono kiondoni, ushike kimoja na utuambie ni nini kabla ya kukitoa. Mnyaa haumo, tumekagua. Kimoja kina miiba midogo. Aliyekipanga kiondo ni yule mwenzetu wa kwenye basi, ameketi kushoto kwako, naye atajua umeshika kipi kabla hujafungua mdomo, maana anasikiliza.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Sayansi