Vita viliishia Abercorn

Mhariri,

Kila Novemba magazeti yetu hutaja tarehe 11 mwaka 1918 kuwa siku Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika. Kwa Ulaya ni sawa. Kwa upande wetu, tarehe 13 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, lilikuwa limeuteka mji wa Kasama, ulio Zambia ya leo, na habari za kusitishwa kwa mapigano zilimfikia kupitia barua za Waingereza zilizonaswa njiani, ilhali Kaisari wake alikuwa ameshaachia madaraka siku chache kabla.

Tarehe 25 Novemba ndipo majeshi hayo yalipojisalimisha rasmi huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, yakiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi wengi. Silaha walizoweka chini, jambo ambalo kwangu linaeleza vita hivyo kuliko hotuba yoyote, zilikuwa kwa sehemu kubwa bunduki za Waingereza na Wareno zilizotekwa vitani. Askari hao walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu, na wengi walizeeka kabla Ujerumani haijalipa deni hilo katika miaka ya 1960.

Naomba gazeti lako, Novemba ijayo, liitengee tarehe 25 ukurasa mzima, na wapagazi, ambao jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao cha upande wa Waingereza, Carrier Corps, wapewe nafasi kubwa kuliko majenerali.

Msomaji wako,
Dar es Salaam