Ardhi iliyo chini ya maji ya Baringo ina wenyewe

Mhariri,

Habari za Baringo zinapofika magazetini, nyingi huwa za wizi wa mifugo, ukame na njaa. Siku nyingine ni mamba na viboko walioingia vijijini baada ya ziwa kufurika. Hayo yote yapo na hayafai kufichwa. Lakini kuna jambo ambalo sijaliona likipewa uzito wake: maelfu ya ekari za malisho, mashamba, makaburi na viwanja vya shule yamelala chini ya ziwa, na sisi wa ufuoni hatujaonyeshwa daftari lolote linaloeleza kipi kilikuwa wapi, na kilikuwa cha nani.

Kwa msomaji wa mbali, Ziwa Baringo limekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, Milima ya Tugen ikiwa magharibi na miinuko ya Laikipia mashariki. Mito ya Perkerra na Molo inaingia kutoka kusini, na hakuna mto unaotoka. Maji hupenya kwenye nyufa za miamba kuelekea kaskazini, ndiyo maana ziwa halikugeuka la chumvi. Jirani yake wa kusini, Bogoria, ni ziwa la magadi lisilo na samaki, lenye chemchemi zinazochemka na makundi ya heroe. Upande wa Marigat nchi ni tambarare kabisa, kwa hiyo maji yakipanda kidogo tu hutambaa mbali sana. Kabla ya kupanda huku kulikoanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, Baringo lilikuwa na takriban kilomita 130 za mraba. Kufikia 2020 lilikaribia 200. Ndani ya tofauti hiyo mna sehemu za Salabani na Ng'ambo, ufuo wa Kampi ya Samaki na kipande cha barabara ya kwenda Loruk.

Ardhi hiyo imelimwa tangu kabla Kenya haijaitwa Kenya. Wailchamus, ambao lugha yao ni Kimaa kama ya Wamaasai na Wasamburu, walikuwa wakichimba mifereji na kumwagilia nafaka kusini mwa ziwa katika karne ya 19. Wazee ndio waliogawa maji na mashamba, na kila kipande kilijulikana mwenyewe. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa ilijua kwamba ikifika Njemps, kama walivyopaita, itapata chakula. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa misafara kutoka Pangani, alipita hapa. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alifika 1883, na wapelelezi wa Ulaya Teleki na von Höhnel wakafuata miaka michache baadaye wakielekea Ziwa Turkana. Msomaji wa pwani ajue kwamba huenda babu zake waliwahi kuokolewa na nafaka ya Baringo.

Tangu wakati huo watu hawa wamebadilishiwa ardhi mara nyingi bila kuulizwa. Mradi wa unyunyizaji wa Perkerra ulianzishwa 1954 kwa jasho la wafungwa wa enzi ya Hali ya Hatari, wakati wakoloni wakipigana na Mau Mau. Leo unatoa mahindi ya mbegu, na sina neno baya juu ya wakulima wake. Miaka ya 1980 ukaletwa mti wa mathenge ili uzuie jangwa. Mti ukatawala malisho, maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata wenyeji wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi ili majaji waone kwa macho yao. Sasa ni zamu ya ziwa. Ripoti ya serikali ya 2021 ilieleza kwamba mvua zilizozidi ndizo sababu kubwa. Mvua haina wa kushtakiwa, lakini kuandika kilichopotea ni kazi ya binadamu.

Kwa nini nasisitiza kuandika? Kwa sababu tumewaona ndugu zetu Waendorois. Walitolewa kando ya Bogoria eneo lilipofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1973. Walipofikisha malalamiko yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2003, serikali ilipinga hata kwamba wao ni jamii ya peke yao. Ikawabidi wathibitishe walipoishi, walipolishia, walipofanyia matambiko na walipozika. Walishinda, uamuzi ukatangazwa 2010, na hadi leo haujatekelezwa kikamilifu. Nao walikuwa wakidai ardhi ambayo wangeweza kuinyooshea kidole. Mzee wa Ng'ambo ataonyesha nini, ikiwa penye kaburi la baba yake leo panapita mtumbwi?

Sheria nayo inanitia hofu. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaweka maziwa katika ardhi ya umma. Kifungu cha 63 kinalinda ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazitaka jamii zijisajili ili zipate hati. Sasa ziwa likiingia kwenye ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa, likakaa humo miaka kumi au ishirini, ardhi hiyo ni ya nani? Na likirudi nyuma, kama ambavyo maziwa haya yamewahi kupanda na kushuka, nani atarudi kulima pale? Nimesikia vijana wakibishana juu ya mipaka ambayo hawajawahi kuiona. Katika kaunti ambayo Mtugen, Mpokot na Mwilchamus tayari wanazikana kwa sababu ya malisho, ubishi wa namna hiyo ni hatari kubwa kuliko mamba.

Mwaka 2020 na 2021 dunia iliona twiga wakivushwa kwa chelezo kutoka Longicharo, kipande cha nchi kilichozingirwa na maji. Ilikuwa kazi nzuri ya hifadhi ya Ruko, inayowaunganisha Wailchamus wa Rugus na Wapokot wa Komolion, na wote walioshirikiana nayo. Kila twiga alihesabiwa. Naomba watu wa ufuo huo huo wahesabiwe kwa uangalifu kama ule.

Serikali ya kaunti na wizara ya ardhi hazianzi na mikono mitupu. Ramani za zamani za upimaji zipo, na picha za setilaiti zipo tangu miaka ya 1970. Zitaonyesha ufuo ulipokuwa. Zisichoweza kuonyesha ni majina na wenyewe, na hayo wanayo wazee. Waliokimbia mashambulizi ya Mukutani, humu humu Baringo, mwaka 2017 wametawanyika, na wengine wanafia ugenini. Kazi ianzie Salabani na Ng'ambo: maafisa wa upimaji wakae na wazee na akina mama, ramani ikiwa mezani, waandike kila boma, mfereji, kisima na kaburi kwa jina ambalo wenyewe wanalitumia. Orodha ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, watu wapewe muda wa kuipinga au kuisahihisha, kisha ichapishwe katika gazeti rasmi la serikali.

Mwalimu mstaafu,
Marigat, Kaunti ya Baringo