Risala ya Wakufunzi na Wanafunzi wa Sayansi ya Maabara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya CML Duniani, 22 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Madaktari, wauguzi, wagonjwa na familia zenu,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tarehe hii haikuchaguliwa ovyo. Mwezi wa 9, siku ya 22, ni kromosomu ya 9 na ya 22, ambazo hubadilishana vipande ndani ya seli moja ya uloto na kuzaa lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu ambayo kliniki zote zinaiita CML. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia, waliona kwa darubini kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha imetoka wapi. Pale vipande vinapounganika, jeni mbili, BCR na ABL1, zinakuwa moja, BCR-ABL, na protini yake ni kama swichi iliyokwama: inaamuru chembe nyeupe zigawanyike mchana na usiku.

Dawa ya kuizima swichi hiyo, imatinib, iliidhinishwa Marekani Mei 2001. Jaribio kubwa lililoifuatilia lilikuwa na wagonjwa 1,106, na baada ya miaka 10 asilimia 83 ya walioanzishwa imatinib walikuwa hai. Tanzania na Kenya wagonjwa walianza kuipata bure kupitia mpango wa msaada wa Novartis na The Max Foundation. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kidonge kimefika. Risala yetu inahusu kile ambacho mara nyingi hakifiki: namba inayomwambia daktari kama kidonge kinafanya kazi.

Mgonjwa wa CML anaweza kujisikia mzima, bandama ikarudi mahali pake, hesabu ya chembe nyeupe ikawa nzuri, na bado akabeba mabilioni ya chembe zenye BCR-ABL. Picha kamili ya damu haizioni. Kinachoziona ni kipimo cha PCR, njia ya kunakili vipande vya jeni mpaka vihesabike; kinahesabu nakala za BCR-ABL kwa kulinganisha na nakala za ABL, jeni ya kulinganishia, na jibu hutolewa kwa asilimia ya Kipimo cha Kimataifa, ili majibu ya maabara zote yalingane. Malengo yake yanajulikana: miezi 3 tangu kuanza dawa, asilimia 10 au chini, miezi 6, asilimia 1, miezi 12, asilimia 0.1. Kipimo kinarudiwa kila miezi 3 mpaka hiyo 0.1 ifikiwe na kuthibitishwa. Ni vipimo vinne kwa mwaka, na kila kinachorukwa ni miezi mitatu mingine ya kutibu kwa kubahatisha.

Sampuli huharibika kwa njia tunazozijua. Kinachopimwa ni RNA, yaani nakala ya ujumbe wa jeni ndani ya chembe, na RNA huoza upesi. Damu ikae kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Ikichukuliwa kwenye kifuniko cha kijani, heparini iliyomo, kizuia-kuganda cha aina nyingine, inazuia PCR na kazi yote inakwenda bure. Katriji ya kizazi kipya ya GeneXpert, yaani kibweta kinachoingizwa kwenye mashine ya PCR ya jina hilo, inahitaji mililita 4 za damu; damu ihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ipimwe ndani ya saa 72. Isigandishwe kwenye friza, maana chembe hupasuka. Sampuli ya Ijumaa mchana iliyopakiwa basi la usiku bila barafu ikafunguliwa Jumanne imeshapita muda wake. Kwa mgonjwa mpya mwenye chembe nyeupe nyingi mno, kiasi cha damu kipunguzwe kama mtengenezaji anavyoelekeza, la sivyo katriji inaziba.

Jibu la "haikuonekana" nalo lisipokelewe kwa shangwe kabla ya kutazama nakala za ABL. Kusema BCR-ABL iko chini ya asilimia 0.01 kunahitaji nakala za ABL zisizopungua 10,000. Zikiwa chache, sampuli ilikuwa dhaifu na jibu halina uzito. Lipo na kosa baya zaidi, kwa sababu halipigi kelele. Katriji ya kawaida inatambua maungio mawili ya jeni, e13a2 na e14a2, ambayo wagonjwa walio wengi sana wanayo. Wachache wana ungio jingine, kama e1a2. Hao watasomeka sifuri tangu siku ya kwanza mpaka ugonjwa uwalipukie. Ndiyo maana aina ya ungio ijulikane wakati wa utambuzi na iandikwe mbele ya faili.

Namba ikikataa kushuka, swali la kwanza liwe kuhusu vidonge, kabla ya jeni. Utafiti wa London uliochapishwa 2010 ulifuatilia wagonjwa 87. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi walikuwa na uwezekano wa asilimia 94.5 wa kufikia 0.1 ndani ya miaka 6, waliobaki, 28.4. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 10 ni siku tatu tu! Swali la pili ni dawa nyingine, na hapa kwetu maana yake kwanza ni kifua kikuu: rifampisini hupunguza imatinib mwilini kwa karibu robo tatu. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini nazo hupunguza. Majibu haya mawili yakiwa safi, ndipo tutafute mabadiliko ndani ya ABL1 yanayoifanya dawa isifanye kazi. Linaloogopwa zaidi ni T315I, ambalo linaishinda imatinib, na dawa nyingine za aina yake, dasatinib na nilotinib, pia. Linahitaji dawa ya ponatinib au asciminib. Kumbadilishia mgonjwa wa T315I kutoka imatinib kwenda nilotinib ni kumpotezea muda.

Kuna jambo moja ambalo vitabu tunavyosomea havilipi nafasi. Maelekezo ya imatinib yanasema dawa isimamishwe nutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikishuka chini ya 1.0 (bilioni moja kwa lita ya damu), na isirudishwe mpaka zifike 1.5. Utafiti wa jeni umeonyesha kwamba watu wengi wa asili ya Afrika hawana antijeni ya Duffy, alama ya mojawapo ya makundi ya damu, kwenye chembe nyekundu, na nutrofili zao huwa chini kiasili bila ugonjwa wowote. Mtu ambaye kawaida yake ni 1.3 atasubiri 1.5 ambayo haitakuja, na muda wote huo BCR-ABL inapanda. Kundi la Duffy hupimwa kwa kitendanishi cha benki ya damu au kwa PCR ya kawaida. Kwa maoni yetu, hakuna kipimo rahisi kuliko hiki kinachoweza kuwaokolea wagonjwa wetu dozi nyingi zaidi.

CML si pekee. Lukemia ya promielositi, saratani nyingine ya damu inayotokana na kromosomu 15 na 17 kubadilishana vipande, hutibika kwa tretinoini na aseniki, lakini huua kwa kuvuja damu ndani ya siku chache isipotambuliwa. Uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958 nao unatokana na kuhama kwa jeni ya MYC. Tumekaa na CML kwa sababu mashine yake tayari ipo: GeneXpert zilizonunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu zinapokea katriji ya BCR-ABL.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utusemee. Katriji za BCR-ABL ziingie kwenye bajeti ya hospitali za kanda, nne kwa kila mgonjwa kwa mwaka, na za akiba kwa sampuli zitakazoharibika. Masanduku ya baridi yanayosafirisha makohozi yaruhusiwe kubeba na chupa za zambarau. Fomu ya maabara iongezewe mistari miwili: aina ya ungio, na kundi la Duffy. Na chuo chetu kipate mashine ya kusoma mfuatano wa jeni, hata ya mtindo wa Sanger; haioni badiliko mpaka likaribie asilimia 20 ya nakala, lakini kwa mgonjwa ambaye dawa imeshamshinda, kiwango hicho kinatosha kumwambia daktari aache dawa ipi.

Wapo pia wanaotuuliza kama wataacha dawa siku moja. Jibu ni kwamba baadhi wanaweza, baada ya miaka kadhaa ya matibabu na angalau miaka 2 ya namba kukaa asilimia 0.01 au chini yake. Katika utafiti wa kwanza mkubwa wa Ufaransa, takribani wanne kati ya kumi hawakurudiwa na ugonjwa. Sharti ni kupimwa kila mwezi kwa miezi 6 ya mwanzo, na jibu litoke kabla ya kipimo kinachofuata. Penye katriji za kuhesabu kwa vidole, hatuwezi kumruhusu mtu kuacha.

Tunaomba kuwasilisha.