Wambui, usijaze hiyo fomu bado

Kisumu, Jumanne usiku

Wambui dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, sisi wazima, ni joto tu inatumaliza. Ile sauti ulinitumia kwa WhatsApp niliisikiza mara tatu nikifunga duka hapa Kibuye, na mara ya kwanza nilipiga kelele hadi mama wa nyanya akakuja mbio kuuliza kwani kuna nini. Kimani amekuvisha pete! Nimefurahi dada, nimefurahi kabisa, baada ya yote ulipitia ulistahili mtu mpole kama huyo. Lakini ile sehemu ya mwisho, pale umesema huyo jamaa anakusaidia na mambo ya viza ya Australia amekushauri uandike hujawahi kuolewa kwa sababu ati ile harusi yako ya kwanza ya Leicester, Uingereza, haiko kwa rekodi za Kenya, hapo moyo uliniruka, na ndio maana sikukujibu kwa sauti, nimekaa chini niandike ndio usome polepole.

Usiandike hivyo. Nakuomba. Wambui, mimi ndio nilikuwa shahidi wako. Jina langu liko kwa hicho cheti, nilitia sahihi na ile kalamu ya wino ya msajili mpaka nikachafua kidole, halafu tukaenda kula wali na kuku kwa chumba chako na theluji iko nje. Ndoa iko. Imeandikwa kwa kitabu cha serikali ya Uingereza, na haijatoka huko kwa sababu wewe ulipanda ndege ukarudi Nakuru.

Najua vile unafikiria kwa sababu na mimi nilifikiria hivyo hivyo. Niliporudi 2019 watu wetu walikaa Webuye, wazee wa kina Simiyu, yule mume wangu wa kwanza, wakakuja kutoka Kimilili, wakaongea siku nzima, mama akachinja kuku wawili, na ng'ombe wakahesabiwa na wakarudishwa, wote isipokuwa mmoja aliyekuwa amekufa na akalipwa kwa pesa. Kwetu hiyo ni kusema imeisha. Hakuna mtu Webuye angeniita mke wa Simiyu baada ya hiyo siku, hata mimi nililala nikiwa mwepesi. Kwa hivyo Barasa, huyu mume wangu wa sasa, alipokuja na tukaanza kuongea mambo ya kumfuata Brisbane huko Australia, mimi kwa akili yangu nilikuwa mtu huru. Wakala mmoja hapa mjini aliniambia maneno ile ile umeambiwa wewe, weka alama kwa "hajawahi kuoa wala kuolewa", nipe elfu arobaini nikujazie kila kitu. Na nilikuwa karibu nimtumie hiyo pesa, Wambui, nakuambia ukweli, M-Pesa ilikuwa imefunguka na namba nimeshaandika.

Kilichonizuia ni paspoti yangu ya zamani. Nilikuwa natafuta tarehe za safari kwa sababu fomu inauliza umekaa wapi na wapi, nikafungua ile ukurasa ya viza ya Uingereza, nikakumbuka hiyo viza niliipata nikiwa mke wa Simiyu, yeye mwanafunzi mimi nimemfuata. Yani serikali moja iko na maandishi nimeolewa, na mimi nataka kuambia serikali ingine sijawahi. Na hizo nchi, Uingereza na Australia na Marekani na Canada na New Zealand, zinapeana habari za wahamiaji, hata alama za vidole. Tena Australia watakuitisha cheti cha polisi kutoka kila nchi uliishi mwaka mmoja au zaidi ndani ya miaka kumi iliyopita, sio ile ya gudi kondakti ya polisi wetu wa DCI peke yake. Utaficha Leicester wapi? Wakikupata na uongo wana sheria yao inaitwa 4020, wanakunyima viza na wanaweza kukufungia miaka mitatu, na ile pesa umelipa hairudi.

Na hata ukipita hapo, shida kubwa ni hii. Viza unaombea ile ya 309 unaomba kama mke wa Kimani. Lakini kama bado uko na mume kwa karatasi, ile ndoa yako na Kimani itakuwa batili tangu siku ya kwanza, Australia hawaitambui, na Kenya pia hawaitambui, tena hapa kwetu kuoa au kuolewa mara ya pili na ndoa ya kwanza ikiwa hai ni kosa la jinai, kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu, mtu anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Mambo ya ruracio, yale mazungumzo ya mahari mmepanga Disemba, wacha wazee waongee tu, lakini ngurario, ile sherehe ya kufunga ndoa ya kimila, tafadhali isubiri mpaka talaka itoke, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 2014 inahesabu ndoa ya kimila kama ndoa kamili, na wewe uko ndani ya ndoa ya mke mmoja bado. Najua itakuwa ngumu kumwambia mama yake Kimani. Mwambie ukweli, yeye ni mtu mzima ataelewa.

Sasa wacha nikuelezee vile nilifanya, na hii ndio sehemu nataka usome mara mbili.

Talaka ya Uingereza unaweza kuomba ukiwa hapa hapa nyumbani, mradi yule mwingine bado anaishi huko, na baba Brayo, huyo mume wako wa karatasi, si bado yuko Leicester. Kila kitu ni kwa mtandao kwa tovuti ya serikali yao. Mimi nilifanya Februari 2023 kwa saiba, lile duka la intaneti hapa karibu na stendi, nikalipa pauni 593, kama elfu tisini za wakati ule, halafu Aprili 2025 ikapanda ikawa pauni 612. Wanataka picha ya cheti cha ndoa. Changu kilikuwa ndani ya Biblia kimekunjwa mara nne na ile alama ya mkunjo imepita katikati ya jina la baba yangu, nikakilaza juu ya meza chini ya dirisha nikakipiga pasi ya baridi na kitambaa juu, nikipumua kidogo kidogo kama mtu anavua miiba, ndio nikapiga picha. Wewe umesema chako kilipotea kwa ile kuhama Kiamunyi, usijali, unaagiza kingine kwa ofisi yao kuu ya usajili kwa mtandao, ni pauni 12 na nusu na wanakitumia mpaka Kenya. Fanya hiyo wiki hii kwa sababu posta haina haraka.

Halafu kuna kitu sijawahi kukuambia. Usiku kabla sijaenda saiba niliandika kurasa nane kwa daftari ya hesabu ya duka. Kila kitu Simiyu alinifanyia, ile simu ya Krismasi, ile mara alinifungia nje, pesa ya mshahara wangu wa kulea wazee, zote, na tarehe. Nilidhani nitaulizwa. Nilitaka kuulizwa, dada. Kumbe sheria yao ilibadilika tarehe 6 Aprili 2022, siku hizi hakuna kutaja kosa la mtu, unasema tu ndoa imevunjika na haiwezi kurekebishwa, basi. Unaweka alama, unaendelea ukurasa ingine. Nilikaa pale kwa kiti cha plastiki nikalia kwa sababu hakuna mtu alitaka kurasa zangu nane, kijana wa saiba akaniletea maji. Lakini baadaye niliona ilikuwa heri, kwa sababu Simiyu naye hangeweza kubisha. Mtu hawezi kukataa talaka ati kwa sababu hataki, anaweza tu kusema korti haina mamlaka au ndoa yenyewe haikuwa halali, na hiyo hakuna.

Kile anaweza kufanya ni kunyamaza, na alinyamaza. Korti ilimtumia emaili, alipewa siku kumi na nne ajibu, hakujibu. Niliteseka karibu miezi miwili hapo. Mwishowe aliniandikia WhatsApp ya hasira ati "nimeona hiyo barua yako ya korti", na hiyo ndio iliniokoa, nilipiga picha ya skrini nikajaza fomu yao ya D11 kuomba korti ikubali kwamba amepata, ikakubali. Kwa hivyo baba Brayo akikuandikia chochote, hata matusi, usifute. Na kama mnaongea vizuri, muulize kama mnaweza kuomba pamoja, inaruhusiwa siku hizi na inapunguza hii taabu yote.

Muda ndio utakuumiza. Tangu korti ifungue faili unangoja wiki 20 kabla hujaomba amri ya kwanza, ile ya masharti. Ikitoka unangoja tena wiki sita na siku moja ndio uombe amri ya mwisho. Hesabu miezi saba kama mambo yameenda sawa. Na hapo katikati Wambui nisikize vizuri, ile amri ya kwanza SIO talaka. Kuna mama tulikuwa naye kwa kundi la wanaongoja viza, alipata hiyo ya kwanza akafanya harusi wiki ileile na keki ya ngazi tatu, ikabidi afunge ndoa upya mwaka uliofuata kimya kimya na watu wawili. Ngoja ya mwisho. Kama kuna nyumba au penseni kati yenu pia uliza wakili mapema, kwa sababu talaka yenyewe haifungi mambo ya pesa, inataka amri yake.

Yangu ilikuja Disemba, siku ya soko. Nilikuwa nakata kitenge mita sita ya mteja kutoka Ahero, simu ikalia, nikasoma nikiwa nimeshika makasi. Karatasi moja tu, majina yetu wawili na tarehe. Nilimaliza kukata, nikamkunjia, nikapokea pesa, halafu nikaketi juu ya marobota. Nilimpigia mama. Akaniuliza, "Lakini Nekesa, si ng'ombe walirudi zamani?" Nikamwambia ndio mama walirudi, sasa na karatasi imerudi. Akanyamaza kidogo akasema basi Mungu ni mwema, na akaniuliza kama nimekula.

Baada ya hapo njia ilikuwa wazi. Barasa alikuja Aprili 2024, tulikuwa tumetoa notisi kwa msajili, siku 21 zikaisha, nikawapa nakala ya hiyo amri na wakatuandikisha. Fomu ya Australia niliijaza mwenyewe, na pale wanauliza ndoa za zamani niliandika jina la Simiyu, tarehe tulioana, tarehe tuliachana, nikaweka karatasi zote. Mkono haukutetemeka. Pesa ndio ilituuma, tulilipa dola zao 9,095, karibu laki nane zetu, Barasa alifanya zamu za usiku mwaka mzima kwa ajili ya hiyo. Hebu fikiria umelipa hiyo yote halafu waikatae kwa sababu ya alama moja ya uongo.

Nimesikia watu wakisema unaweza kuomba kama wapenzi wanaoishi pamoja hata talaka haijatoka, na ni kweli Australia wana hiyo njia, lakini wanataka kwa kawaida miezi kumi na mbili ya maisha ya pamoja, nyumba moja na bili moja. Wewe na Kimani mmekaa pamoja wiki tano kwa jumla. Kwa maoni yangu usijaribu.

Kitu cha mwisho ni Brayo. Ukitaka kwenda naye, baba yake atahitajika kukubali, kuna fomu yao ya 1229 anatia sahihi na kuambatanisha kitambulisho. Kwa hivyo nenda naye pole, hata kama anakuudhi, usimwandikie usiku ukiwa na hasira. Ukishindwa nipigie mimi uniambie yote, nitasikiza.

Huyo jamaa wa viza mwambie arudishe diposti yako. Akikataa wacha, heri hiyo elfu kumi na tano ipotee.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja Nakuru kuchukua mzigo, nitafika kama saa sita. Nitabeba laptopu ya duka. Wewe weka tayari paspoti zote mbili, emaili ya baba Brayo na anwani anakaa sasa, na tarehe kamili ya ile harusi, mimi nakumbuka ilikuwa Ijumaa lakini sina uhakika. Ukiwa na zile picha tulipiga nje ya ofisi na theluji zitoe pia. Tutaketi mezani kwako tuagize hicho cheti kabla sijakunywa hata chai.

Nisalimie Kimani ukimpigia, na umwambie kabla sijafika.

Dadako,
Nekesa