Mpwa wangu, hizo korosho usizitie kwenye oveni

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha ya mfuko wa korosho ghafi uliobebewa kutoka nyumbani nimeiona: kilo mbili, zote zingali na maganda yake. Umesema Jumamosi utazitandaza kwenye trei na kuzichoma kwenye oveni ya fleti yako, kama watu wanavyokaanga karanga. Nakuomba sana usifanye hivyo. Nimeona nikujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Kila msimu watu hubebeana korosho ghafi kuzipeleka mbali, na wengi wanaozipokea wamezoea kuziona zikiwa zimeshabanguliwa.

Ganda la korosho halifanani kabisa na la karanga. Likikatwa katikati utaona tabaka la nje lililo laini kama ngozi iliyosuguliwa, na la ndani gumu linaloshika kiini. Kati ya hayo mawili pana kitu kama sega la nyuki: vijumba vidogo vidogo vilivyojaa mafuta mazito ya hudhurungi, ambayo hugeuka meusi. Yote hayo yamo ndani ya unene wa kama milimita 3. Mafuta hayo yakigusa ngozi huiunguza, na malengelenge huweza kutokea hata siku ya pili, wakati umeshasahau ulishika nini. Kuna mmea wa kutambaa huko Amerika Kaskazini unaoogopwa kwa kuwasha watu. Sumu yake na mafuta haya ni ndugu. Mwembe nao ni wa ukoo huohuo wa mkorosho. Ndiyo maana mtu ambaye midomo yake huvimba akimenya embe kwa meno anatakiwa kujihadhari mara mbili na ganda la korosho.

Sasa fikiria mafuta hayo ndani ya oveni. Joto likipanda, vile vijumba hupasuka na mafuta huruka. Moshi wake ni mzito, unachoma macho na koo na unabana kifua, na mafuta yenyewe huweza kushika moto. Yatakayobaki yatanata kwenye kuta za oveni. Wala usijaribu kuzipasua mbichi kwa nyundo, kwani mafuta yatarukia vidole na kuloweka kile kiini unachotaka kukila.

Utaniuliza, mbona madukani huko zinauzwa zimeandikwa kuwa ni mbichi? Hizo si mbichi kama unavyodhani. Kiwandani korosho hupikwa kwanza kwa mvuke, ganda likalainika kidogo na kiini kikaachana nalo, ndipo hubanguliwa. Maana yake ni kwamba hazijakaangwa tu, moto zimeshauona.

Kama unaweza kupata uwanja wa wazi unaoruhusiwa kuwasha moto, mbali na nyumba za watu, hivi ndivyo zinavyochomwa. Tafuta bati au nusu ya debe kuukuu ambalo halitarudi jikoni tena, ulitoboe matundu kwa msumari ili mafuta yadondokee motoni. Liweke juu ya mafiga, umwage korosho tabaka moja tu. Zikilundikwa, za chini huungua na za juu hubaki mbichi. Shika mti mrefu wa kama mita moja na nusu, simama upepo unakotoka ili moshi ukuache, na ugeuze bila kupumzika. Zitaanza kutoa jasho jeusi, zitavuma, kisha zitawaka. Ziache ziwake kidogo huku ukigeuza mpaka maganda yawe meusi pande zote, halafu upindue bati kwa mti, zimwagike kwenye mchanga mkavu, na uzifukie. Mchanga huzima moto na kunyonya mafuta yaliyobaki. Maji usiyaguse, yakikutana na mafuta yanayowaka yatayarusha hadi usoni.

Kazi yote iko kwenye kujua wakati wa kupindua bati. Ukiwahi, ganda hubaki kama ngozi na mafuta bado ni maji ndani yake. Ukichelewa hata dakika moja, kiini huungua na kuwa kichungu, na hapo hakuna dawa.

Zikipoa, paka mikono majivu au mafuta ya kupikia. Simamisha korosho kwa ubavu wake mwembamba na ugonge kwenye mshono, taratibu. Ukiilaza ukaipiga, kiini kitakatika vipande. Mafuta ya ganda yakikugusa, usikimbilie maji peke yake, kwa sababu hayayaondoi. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni, na usijipanguse macho.

Hapo ndipo oveni yako itafaa. Viini vilivyobanguliwa vitandaze kwenye trei kwa nyuzi 70 kwa saa kama 6, uviache vipoe. Lile ganda jembamba la kahawia litakauka na kuchanika kama karatasi, ulitoe kwa vidole. Ukiongeza joto ili umalize haraka, viini vitageuka rangi kabla ganda halijaachia.

Usitegemee kupata nyingi. Korosho ghafi nzuri huingia kama 180 hadi 200 kwa kilo, na ili upate kilo moja ya korosho karanga, yaani viini vilivyobanguliwa, unahitaji kilo 4 au 5 za ghafi. Kwa hiyo mfuko wako wote utatoa nusu kilo au pungufu. Ile namba ya W320 uliyoniuliza, ambayo ni daraja la viini vya korosho, ni hesabu hiyohiyo kwa upande wa pili: W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la nyeupe, na 320 ni idadi ya juu ya viini katika ratili moja, yaani gramu 454. W180 ni kubwa zaidi, na ndiyo ghali.

Na yale mafuta yanayotusumbua hayatupwi. Viwandani hukamuliwa, na unga unaotengenezwa kutokana nayo huchanganywa kwenye pedi za breki za magari, kwa kuwa unastahimili joto la msuguano. Huenda gari linalokupeleka kazini husimama kwa msaada wa maganda ya korosho.

Lile bibo jekundu au la manjano unalolikumbuka si tunda lenyewe. Tunda halisi ni hiyo korosho inayoning'inia kama hereni. Korosho hutangulia kukua hadi ukubwa wake wote, ndipo kikonyo chake huvimba na kuwa bibo. Mti wenyewe asili yake ni Brazil, Wareno ndio waliuleta pwani yetu katika karne ya 16, na jina la mkanju linalotumika pwani ya Kenya bado lina mwangwi wa caju yao.

Usipopata uwanja Jumamosi hii, usijilazimishe. Bonyeza ganda kwa ukucha wa dole gumba: likibonyea, zianike juani siku mbili au tatu; likikataa, zimekauka. Kisha zihamishie kwenye mfuko wa kitambaa au wa katani. Plastiki huzifanya zitoe jasho na kuota ukungu. Zikiwa kavu zinaweza kukaa hata mwaka, basi zitundike mahali pasipo na unyevu mpaka upate pa kuwashia moto.

Mjomba wako