Barua kwa Mama Neema: bonge la damu limeisha, vali ndizo zilizoumia

Njiro, Arusha

Mpendwa Mama Neema,

Salamu kutoka huku. Picha ya mguu nimeiona: alama ya soksi imezama juu ya kifundo, na upande wa ndani ngozi imeanza kuwa kahawia. Pole sana. Wanaosema umekanyaga kitu pale soko la mitumba la Memorial waache waseme. Na huo unaoniandikia si ugonjwa wa matende.

Unauliza: altrasaundi imeonyesha lile bonge la damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu halipo, mbona jioni mguu unajaa? Bonge limeondoka, lakini limeacha limeharibu vali, yaani vilango vidogo vilivyomo ndani ya mshipa. Ukipiga hatua, kigimbi kinaukamua mshipa, damu inapanda kuelekea moyoni. Kikilegea, vali zinajifunga kama mlango wa mbao mbili ili damu isishuke tena. Ni vipande vya utando mwembamba mno. Na damu hupenda kuanza kuganda palepale nyuma yake, kwenye vifuko ambamo haiendi kasi. Mwili ukipambana kuliyeyusha bonge, mshipa nao unajeruhiwa, na panapopona pana kovu. Vali inakakamaa, inafupika, nyingine inanata kwenye ukuta wa mshipa. Haifungi tena. Damu inarudi chini, presha inapanda mle ndani, maji yanavujia kwenye nyama. Hata chembe nyekundu hupenya, na madini ya chuma yaliyomo ndiyo yanayoipaka ngozi ile rangi uliyokuwa ukiisugua kwa dodoki. (Nilicheka, nisamehe.)

Hauko peke yako. Katika kila watu 10 waliowahi kuganda damu kwenye mishipa mikubwa ya mguu, 2 hadi 5 hupata hali hii, wengi ndani ya miaka 2.

Lililoniudhi ni hilo la kuruka vidonge siku ya kufungua belo. Vile vidonge vinazuia bonge lingine, na bonge la pili kwenye mguu uleule ndilo humalizia vali zilizosalia. Usiache mpaka daktari akuambie.

Soksi za kubana haziponyi vali, ila zinapunguza uvimbe. Pimwa mguu kwanza, kisha zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani. Usisimame kutwa nzima, tembeatembea, na ukikaa uinue mguu. Ukivimba ghafla, au pumzi ikakata, usinipigie mimi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Lile koti la Neema niwekee, nitalichukua nikija Moshi.

Wako,
Mama Glory