Mwanangu, hiyo vocha ya malipo ina mwenyewe

Baba yangu, Bwana asifiwe. Habari ya kazi yako nimeipata kwa dada yako kabla wewe hujapiga simu, haya nimekusamehe. Ofisi ya fedha wilayani huko Soroti, mtoto wa muuza maharage wa Malaba! Nilipiga vigelegele mpaka madereva wa malori kwenye foleni wakadhani mpaka umefunguliwa.

Sasa nisikilize. Unakumbuka yale magunia 40 ya maharage niliyopeleka ile shule ya serikali, nikakopa kwenye chama chetu cha akiba pale kanisani ili nipate kuyanunua. Leo ni mwezi wa 14 sijaona hata shilingi na riba ya chama inapanda hata nikiwa nimelala. Naenda kudai, nakaa kwenye benchi, kijana kama wewe hivi ananiambia mama rudi wiki ijayo, pesa ya serikali haijashuka. Mara ya mwisho alikuwa anakula chapati, akafutia vidole kwenye karatasi, kuchungulia kumbe ni invoisi yangu, stempu yangu ya zambarau naiona kabisa. Sikusema kitu. Kopi yangu iko ndani ya Biblia, Nehemia 5, nimeiweka pale makusudi.

Soma hiyo sura. Watu wanalia kwa Nehemia kwamba wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme, mashamba wameweka rehani, watoto wanatiwa utumwani. Na yeye alikuwa gavana, chakula cha gavana ilikuwa haki yake lakini miaka 12 hakukila, anasema utumwa ulikuwa mzito kwa wale watu. Miaka 12 baba! Huku kwetu hata wiki mbili za semina mtu anadai posho ya safari na hajatoka ofisini.

Wahubiri wetu wanapenda sana ile ya asiyetaka kufanya kazi na asile, ni neno la kweli, nimewalea kwa hilo. Lakini mbona sisikii wakihubiri Kumbukumbu la Torati 24, mlipe kibarua ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko hapo? Mimi nimefanya kazi, nisile?

Mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupunguziwa deni kwenye ule mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Makanisa mengi ng'ambo yalikuwa yanapiga kelele kuhusu Yubile, ile ya Walawi 25, madeni yafutwe. Pesa iliyookolewa ikaingia kwenye mfuko wa kupambana na umaskini, shule za msingi, visima, barabara za vijijini, na dada yako ndio alikuwa ameanza P1 mwaka uliotangulia elimu ya bure ilipoanza, kwa hiyo hilo deni siwezi kulisema vibaya, nyumba hii imekula matunda ya kusamehewa. Ila tukarudi kukopa, 2024 deni la serikali lilipita shilingi trilioni 90, na siku hizi sio nje tu, serikali inakopa humuhumu kwenye benki zetu, sasa benki itanipa mimi mkopo wa riba nafuu ya nini wakati serikali inachukua yote na inalipa riba nono? Halafu nikitoa hela kwenye simu nusu asilimia inakatwa. Sikatai kodi, Paulo amesema apasaye kodi apewe. Ila kwenye hizo trilioni za deni wanazotangaza sidhani kama magunia yangu 40 yamo.

Ndio maana nakuomba, vocha ikifika mezani kwako usiiache ilale. Kama pesa haipo mwambie mtu ukweli siku hiyohiyo, aache kupoteza nauli. Na mtu akikupa "ya chai" ili upandishe faili lake juu, jua faili la mama fulani limeshuka chini. Usiseme pesa ya serikali, mimi sijawahi kuona serikali ikibeba gunia.

Ile gari ya mkopo uliyomwambia dada yako tutaongea ukija Krismasi, kwanza kula mshahara wa miezi mitatu, uone unavyoisha.

Nimekuwekea karanga na unga wa mtama kwenye basi la jioni, mwone kondakta kabla hajaondoka stendi. Usimpe kitu, nimeshamlipa.

Mama